Si Kila Jumamosi ni Siku ya Rekodi

Ndugu zangu, habari za jioni. Wakubwa, shikamooni. Asanteni kwa kuvumilia foleni ya Ijumaa na kuja hapa moja kwa moja kutoka kazini. Wengine nawaona bado mna vitambulisho vya ofisi shingoni.

Naanza na yaliyonikuta mimi. Nilipokuwa na miaka 42 nilijiandikisha mbio 6 za kuogelea katika shindano la siku moja. Zote nikajikamua hadi tone la mwisho. Jumapili mkono haukuinuka hata kuchana nywele. Wiki iliyofuata nikashikwa na mafua na kikohozi, nikakaa siku 14 bila kugusa maji. Mwezi mmoja baadaye likaja shindano nililokuwa nikilingoja mwaka mzima, nami nikapanda jukwaani mzito kama gunia lililolowa. Muda wangu wa mita 200 ukawa mbaya kuliko wa mwaka uliotangulia. Uvivu haukuwepo. Bidii ilikuwepo tele, ila niliimwaga mahali pasipotakiwa.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza: mtu mzima mwenye kazi, watoto na ada za shule, anayepata bwawa mara 3 kwa wiki, ashindane kwa nguvu kiasi gani kuanzia mwanzo wa msimu hadi mwisho?

Jibu nililofikia ni hili. Mbio ulizozichagua, ukishaingia majini jitoe kweli. Lakini kuupumzisha mwili ili ufike kileleni, fanya mara 2 tu kwa msimu. Watu wengi huyachanganya mambo haya mawili: nguvu ya siku ile, na maandalizi ya wiki zilizoitangulia siku ile.

Hebu tupige hesabu. Msimu wetu, Septemba hadi Juni, una wiki kama 40. Tuseme una mashindano 6. Ukilegeza mazoezi wiki 2 kabla ya kila shindano, hizo ni wiki 12. Baada ya kila shindano unajipa wiki 1 ya kupumua, zimekuwa 18. Karibu nusu ya msimu umeila kwa kupumzika. Sasa mapafu utayajenga lini? Mkono utaunyoosha lini? Kulegeza kunaleta faida kwa aliyekwisha kujenga. Asiyejenga hupumzisha kitu ambacho hakipo.

Kwa hiyo mashindano 4 kati ya yale 6 njoo nayo ukiwa umechoka. Fanya mazoezi yako Alhamisi kama kawaida, Jumamosi uje ushindane. Muda utakuwa mbaya, na usiuonee aibu. Kuna vitu ambavyo mazoezi hayafundishi: kusubiri filimbi huku tumbo likikoroga, kujirusha ukiwa na watu kushoto na kulia, kugeuka ukutani huku pumzi imekukatika. Hayo yanajifunzwa kwenye shindano tu. Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema mtu mzima asishindane mpaka awe tayari kabisa. Atakayengoja hivyo atazeeka akiwa kwenye benchi.

Mtazameni Katie Ledecky wa Marekani. Rekodi yake ya dunia ya mita 800 mtindo huru aliiweka kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, dakika 8, sekunde 4.79. Aliivunja tena Mei 2025 kule Fort Lauderdale, kwa 8:04.12. Miaka 9 kasoro miezi michache, kwa tofauti ya sekunde 0.67. Katikati hapo aliiogelea mbio hiyo mara nyingi sana, akachukua dhahabu ya Olimpiki Tokyo na Paris, na rekodi haikuguswa. Kama yeye, ambaye kuogelea ndiyo kazi yake, anakubali kuingia majini mara chungu nzima na kutoka bila rekodi, mimi na wewe tunaotoka benki na dukani tunajidai nini kwa kila Jumamosi?

Lakini msije mkaiga kila kitu cha wale wa Olimpiki. Wao wana mchujo, nusu fainali, fainali. Jason Dunford wa Kenya, Beijing mwaka 2008, aliweka rekodi ya Olimpiki ya mita 100 kipepeo kwenye mchujo, sekunde 51.14, kisha fainali akamaliza wa 5. Mwogeleaji wa namna ile hana budi kupiga hesabu ya nguvu: leo nitoe ngapi, kesho nibakize ngapi. Mashindano ya watu wazima, haya yanayoitwa Masters, kwa kawaida hayana fainali. Unaogelea mara moja, muda wako unawekwa pamoja na wa wenzako wa rika lako, basi. Kwa hiyo ndani ya mbio moja hakuna cha kuhifadhi. Nguvu unaihifadhi kwa kuchagua mbio chache. Mimi sasa siingii zaidi ya 3 kwa siku, na moja tu kati ya hizo ndiyo naiita yangu.

Sasa hiyo uliyoiita yako, iogelee kwa akili. Yupo mama mmoja ninayemfundisha, ana miaka 51, bwawa la mita 50, mbio ya mita 200 mtindo huru. Mara ya kwanza alijirusha kwa hasira zote. Mita 50 za mwanzo sekunde 42, kundi zima likasimama kumshangilia. Za pili 49. Za tatu 55. Za mwisho 58, nami nikiwa ukingoni naona viwiko vimeanguka, miguu inazama, anavuta pumzi kila pigo kama anayekunywa hewa. Jumla 3:24. Miezi 4 baadaye tukakubaliana jambo moja tu: mita 50 za kwanza asiende haraka kuliko sekunde 46, hata wa njia ya jirani akimwacha. Akaenda 46, 50, 51, akarudi kwa 49. Jumla 3:16. Sekunde 8, na nguvu zake hazikuwa zimeongezeka kiasi hicho. Mbele yake alipitwa na wawili, akawakuta baada ya kugeuka mara ya tatu. Alipogusa ukuta alicheka kabla hajatazama saa.

Sababu ipo mwilini. Nguvu ya kufyatuka ya misuli inatosha sekunde kama 10 hivi, kisha mwili unategemea pumzi na sukari iliyo misulini. Ukiwasha moto mkubwa mapema, misuli inachacha, na deni hilo unalipa kwenye mita 100 za mwisho kwa riba. Kijana wa miaka 18 hulilipa akapona jioni ileile. Sisi tunahitaji siku 2 au 3. Ndiyo maana baada ya kila mbio nasisitiza uogelee polepole mita 200 au 300, siyo kukimbilia chipsi.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri. Mliopita miaka 40, pimeni presha na moyo kabla ya kuanza kushindana. Ukisikia kifua kinabana, kizunguzungu, au moyo unaruka mapigo, toka majini umwambie mtu. Na ile tabia ya kuvuta pumzi haraka haraka mara nyingi kabla ya kujirusha, iacheni. Inaweza kumfanya mtu azirai chini ya maji bila onyo.

Wanaofunga: Ramadhani inasogea nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo kila mwaka inaangukia sehemu nyingine ya msimu wetu. Kilele chako usikipange ndani yake wala wiki 2 za mwanzo baada ya Idi. Mwezi ule ogelea laini, usiku baada ya tarawehe kama bwawa linapatikana, ukifanyia kazi mgeuko na mkao wa kichwa. Na wanaopenda mbio za baharini, kumbukeni bahari yetu Machi ni ya moto, na kanuni za kimataifa haziruhusu mbio za maji ya wazi yakizidi nyuzi 31. Mwezi huo punguza kasi hata kama mwili unataka. Kilele cha bahari kipeleke Agosti au Septemba, maji yanapokuwa yamepoa, ukichunga tu upepo wa kusi.

Karatasi zinapita hapo. Andika mashindano 2, na chini ya kila moja mbio 1. Mengine yote acha wazi. Kisha twendeni bwawani, njia ya 3 na ya 4 ni zetu hadi saa 2 usiku. Mmoja aogelee mita 200, mwenzake ashike saa na kumwandikia kila mita 50, bila kumtajia kitu mpaka amalize.