Mizimu Maabarani: Taa Ikiwaka, Umepima Nini?

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Mimi Zuhura, na mwenzangu Fadhili leo kaja na mzigo. Hebu waambie umebeba nini.

FADHILI: Kifaa cha kupimia nguvu ya sumaku-umeme. Kadogo, kanaenea kiganjani, kana taa tano kuanzia kijani mpaka nyekundu. Nimekaazima kwa fundi umeme. Ukitazama vipindi vya Marekani vya wawindaji wa mizimu, haka hakakosekani. Taa ikiwaka tu, mtu anaruka: yupo hapa!

ZUHURA: Na fundi wako anakafanyia nini?

FADHILI: Anakagulia nyaya na mashine. Hapa studio kamewaka mara mbili, na mara zote simu yako ilikuwa inaita.

ZUHURA: Ni mama mkwe huyo. Afadhali ingekuwa mzimu.

FADHILI: Haya, mama, hakuyasema Fadhili hayo. Sasa dada, watu hawa wana kamera za kuona gizani, wana vipimajoto, vinasa sauti, na bado mwanasayansi akiwaona anageuza shingo. Leo nimekuja kuwatetea.

ZUHURA: Watetee, ila usiseme walifungiwa mlango. Waliingia zamani, tena kwa mlango wa mbele. Mwaka 1882, London, ilianzishwa Society for Psychical Research, jumuiya ya kuchunguza mizimu, wapiga ramli wa kizungu, na watu wanaodai kusoma mawazo ya wenzao. Rais wa kwanza alikuwa Henry Sidgwick, mwanafalsafa wa Cambridge. Baadaye kiti hicho wakakikalia William James, mwanasaikolojia wa Harvard, Arthur Balfour aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, na Charles Richet aliyepata Nobel ya tiba mwaka 1913. Hao si watu wa vijiweni.

FADHILI: Na walichapa kazi. Mwaka 1894 walitoa matokeo ya kuhoji watu 17,000: umewahi, ukiwa macho kabisa, kuona au kusikia mtu ambaye hayupo? Kama mmoja katika kumi hivi akajibu ndiyo. Halafu wakapiga hesabu: wangapi walimwona mtu karibu na saa aliyofariki, na je, idadi hiyo inazidi ya bahati? Wakasema inazidi.

ZUHURA: Ndipo waliponaswa. Mtu akishapata habari ya msiba, kumbukumbu yake haikai ilivyokuwa. Nitajuaje kama ulimwona mjomba usiku ule wa Jumanne, au Jumanne umeipata baada ya kupigiwa simu?

FADHILI: Simu, mwaka 1894?

ZUHURA: Telegramu basi, mtani wangu. Usinitoe njiani. Kutokana na shida hiyo wakaja watu wa kusema tuache masimulizi, twende eneo la tukio na vifaa. Harry Price ndiye aliyefanya hivyo kwa mbwembwe. Mwaka 1937 alipangisha nyumba ya kasisi huko Borley, Uingereza, akatangaza kwenye gazeti la The Times anatafuta watu wa kukesha mle, akapata 48.

FADHILI: Arobaini na wanane wanalinda zamu. Hiyo si sayansi?

ZUHURA: Ingekuwa, kama asingewagawia kijitabu cha maelekezo kinachowaeleza vituko vyote vilivyowahi kuripotiwa mle ndani. Umwambie mtu kengele za nyumba hii hujilia zenyewe na hatua husikika ngazini, halafu umwache gizani na mishumaa. Atasikia nini? Na waliokuja kumchambua Price mpaka mfupani, mwaka 1956, walikuwa wachunguzi wa jumuiya ileile ya 1882. Wao kwa wao.

FADHILI: Hapo umenisaidia. Watu wanaojikosoa hivyo kwa nini wanaitwa matapeli? Mwaka 1969 chama cha kitaalamu cha watafiti wa mambo haya kilikubaliwa kujiunga na AAAS, muungano wa wanasayansi wa Marekani unaochapisha jarida la Science. Margaret Mead mwenyewe, mwanaanthropolojia, alisimama kuwaombea. Miaka kumi baadaye John Wheeler, mwanafizikia wa mashimo meusi, akataka watimuliwe. Hawakutimuliwa. Lakini ona: mtu anaingia ukumbini kihalali, na bado wanamtazama viatu.

ZUHURA: Mwaka huohuo wa 1979 ndipo kilipoanza kisa ambacho mimi hukirudia kila nikikutana na mtu anayejiona mgumu kudanganywa. Tajiri wa kiwanda cha ndege, James McDonnell, alitoa dola 500,000 kwa Chuo Kikuu cha Washington, kile cha St. Louis, ili ifunguliwe maabara ya mambo haya. Mkuu wake alikuwa profesa wa fizikia, Peter Phillips. Wakatafuta watu wenye vipawa vya kukunja chuma kwa mawazo. Wakajitokeza mamia, wakachukuliwa vijana wawili, Steve Shaw na Michael Edwards, mmoja miaka 18, mwingine 17.

FADHILI: Na vijana walikuwa...

ZUHURA: Wanamazingaombwe! Wametumwa na James Randi, mwanamazingaombwe mwenzao aliyekuwa maarufu kwa kuumbua watu wa aina hiyo. Sasa sikiliza. Randi alikuwa ameiandikia maabara kabla, akaorodhesha tahadhari kumi na moja: kitu cha majaribio kiwe kimoja tu mezani, kiwe na alama isiyotoka, mhusika asipewe nafasi ya kubadilisha masharti. Akajitolea kuja kusaidia bure. Wakamshukuru, wakasema tutamudu wenyewe.

FADHILI: Mwanafizikia anamhitaji mcheza kiinimacho wa nini?

ZUHURA: Kwa sababu elektroni haidanganyi, kaka! Mwanafizikia amefunzwa kushindana na maumbile, na maumbile hayana hila. Vijiko vilikuwa vingi mezani, kila kimoja kimefungwa kikaratasi cha namba kwa uzi. Vijana wakabadilishana vikaratasi tu. Kijiko namba fulani kilipimwa kabla, kikapimwa baada, vipimo havifanani, maabara nzima imeduwaa. Hakuna kilichokunjwa. Mara nyingine waliacha dirisha bila komeo mchana, usiku wakarudi kuvuruga vitu vilivyoachwa vimefungwa kwa majaribio.

FADHILI: Hiyo ni kuvunja na kuingia.

ZUHURA: Kuingia tu, dirisha lilikuwa wazi. Na walikuwa na makubaliano: siku mtafiti yeyote atakapowauliza waziwazi kama wanatumia hila, wakiri palepale. Miaka ikapita, hakuna aliyeuliza. Mwaka 1983 Randi akayamwaga yote mbele ya waandishi wa habari.

FADHILI: Mimi kisa hicho kinaniuma upande wa pili. Phillips hakuwa mjinga wala tapeli. Mwaka 1981 alionyesha mikanda ya video ya majaribio yake kwa wenzake, akakosolewa, akarudi akabana masharti, na vipawa vya vijana vikakauka ghafla. Yaani sayansi ilifanya kazi! Kaambiwa, kasikia, karekebisha. Lakini gazetini kilichobaki ni maabara iliyochezewa na watoto. Ukiwapandikizia watafiti wa dawa mgonjwa wa uongo, nao wataliwa vilevile.

ZUHURA: Sikatai. Ila mtafiti wa dawa hategemei kipawa cha mtu mmoja anayejua mchezo mzima.

FADHILI: Haya, tuache wakunja vijiko. Nyumba zenye vishindo je? Kule hakuna mwanamazingaombwe, na watu wanatetemeka kweli.

ZUHURA: Hapo ndipo panaponoga. Vic Tandy, mhandisi wa Coventry, alikuwa akifanya kazi katika chumba ambacho watu walikiogopa. Usiku mmoja akapata ubaridi, hofu, akaona kivuli cha kijivu pembeni mwa jicho, akageuka, hakuna. Siku iliyofuata alikuja na upanga wake wa mchezo wa vitara, akaubana kwenye jiliwa, ncha ikaanza kutikisika yenyewe. Mwingine angekimbia. Yeye akatafuta mtikisiko unatoka wapi, akakuta feni ya kutolea hewa iliyofungwa karibuni. Ilikuwa ikitoa mawimbi ya sauti ya karibu hezi 19, yaani mitikisiko 19 kwa sekunde, chini kidogo ya yale sikio la mtu linayosikia. Ufungaji wa feni ukabadilishwa, mzimu ukahama. Mwaka 1998 akaandika makala, na unajua ilichapishwa wapi? Jarida la Society for Psychical Research.

FADHILI: Yaani wawindaji wa mizimu wamechapisha makala ya kuufukuza mzimu.

ZUHURA: Na watu wa upande wangu, wasioamini, wakaidaka mikono miwili. Mpaka leo utasikia: mizimu ni mawimbi ya sauti, kesi imekwisha. Haijaisha. Mwaka 2009 Chris French na wenzake wa Goldsmiths, London, walichapisha jaribio la kujenga chumba cha mizimu kwa makusudi. Chumba cheupe, kitupu, wakaficha mitambo ya kutoa mawimbi hayo na nguvu ya sumaku-umeme, ile inayopimwa na hako kakifaa chako. Watu 79 wakaingia mmojammoja, wakaambiwa huenda wakapatwa na hali zisizo za kawaida. Wengi wakapatwa: kizunguzungu, kuhisi kuna mtu, hata woga. Lakini mitambo iwake au izimwe, tofauti hakuna. Kilichoelekea kufanya kazi ni lile neno waliloambiwa mlangoni.

FADHILI: Kumbe hata nyie mnaokanusha mnakurupuka.

ZUHURA: Tunakurupuka sana. Chukua popobawa, yule pepo anayesemwa huvamia watu usiku, Pemba na Unguja, 1995. Watu walilala nje kwa makundi, na moto umewashwa. Mchunguzi Mmarekani, Joe Nickell, akasema ni jinamizi: mtu anaamka mwili haujaamka, kifua kimekabwa. Kwa mtu mmoja kitandani inaingia akilini. Lakini kwa nini mwaka ule wa uchaguzi, na kwa nini hofu ihame kutoka mtaa hadi mtaa? Mwanaanthropolojia Martin Walsh alilifuatilia hilo na kuonyesha jinsi siasa ilivyoingia kwenye maelezo ya watu wenyewe. Ukisema jinamizi ukafunga daftari, hujachunguza kitu.

FADHILI: Ingawa sisi huku hatuhangaiki. Mganga hatafuti kuchapishwa kwenye Science. Wateja wake wanamtosha.

ZUHURA: Na wewe mtu wa Iringa unasema hivyo, halafu mkitaka waganga mnapanda basi la Tanga.

FADHILI: Si ndiko mnakowafuga? Sasa ngoja nipige penalti yangu. Mwaka 2011 Daryl Bem, profesa mwenye jina wa Cornell, alichapisha majaribio tisa yenye washiriki zaidi ya 1,000 katika jarida zito la saikolojia, akidai watu huathiriwa na mambo ambayo hayajatokea. Moja lilikuwa mapazia mawili kwenye kompyuta: bashiri picha itatokea nyuma ya lipi. Kwa picha za ngono walipatia asilimia 53.1, badala ya 50. Alifuata kanuni zilezile ambazo saikolojia yote ilikuwa inazifuata.

ZUHURA: Ndiyo hofu yenyewe! Kama kanuni hizo zinakuruhusu kuthibitisha kwamba kesho inagusa leo, basi zimethibitisha mangapi mengine ya uongo? Ritchie, Wiseman na French walirudia jaribio mojawapo mara tatu, wakatoka kapa. Wakapeleka kwenye jarida lilelile, wakajibiwa hatuchapishi marudio. Ikabidi waende kwingine mwaka 2012.

FADHILI: Umeona! Jarida linachapisha la ajabu, linakataa la kulipima. Na miaka mitatu baadaye, tafiti 100 za saikolojia ya kawaida ziliporudiwa, zilizosimama tena kwa takwimu ni kama 36 tu. Mizimu haimo humo.

ZUHURA: Goli, nimekubali. Na nitakuongezea la pili bure. Dawa wanayojivunia wanasaikolojia leo, ya kumtaka mtafiti aandikishe mpango wake kwa jarida kabla hajakusanya data, mwanaparasaikolojia, yaani mtafiti wa mambo haya haya, Martin Johnson alianza kuitumia katikati ya miaka ya 1970, kwenye European Journal of Parapsychology. Hakuna aliyemsikiliza, kwa kuwa alikuwa wa watu wale.

FADHILI: Na ikawaje walipoandikisha?

ZUHURA: Majaribio yaliyoandikishwa mapema yalitoa matokeo ya kushangaza mara chache sana kuliko yale yasiyoandikishwa. Masharti yakibana, mzimu unapungua.

FADHILI: Au mzimu hapendi masharti.

ZUHURA: Hiyo huwezi kuipima, kwa hiyo nakunyang'anya kipaza sauti. Kuna ujumbe wa msikilizaji: nyumba waliyohamia ina vishindo usiku, kifaa gani anunue?

FADHILI: Asinunue. Achukue karatasi. Aandike leo, kabla ya kukesha, anatarajia nini, chumba kipi, saa ngapi, na kipi kikitokea atakubali kwamba ni panya.

ZUHURA: Kisha amlaze chumbani mgeni ambaye hajasimuliwa lolote. Hata jirani asimsimulie.

FADHILI: Na akisikia kitu kweli?

ZUHURA: Atuandikie. Ila barua ije na ile karatasi ya kwanza, na iwe na tarehe.