Tawi yenye haipime tere ni tawi ya foto

Jambo yenu bote. Bakubwa benye beko hapa mbele, ba-profesa, ba-kolega ba kazi, na banafunzi benye mumesimama kule nyuma juu viti bimekwisha, karibuni sana. Baliniomba niongee juu ya kazi za tawi yetu ya ba-enjenyeri ba umeme hapa Bukavu, nikaambiwa dakika 40, nitajaribu. Lakini sitasoma raporo, raporo iko, mutaisoma, inasema tulifanya konferansi, tukapiga foto, tukagawa sertifika, tukakunywa sukari. Sisemi ni vibaya. Mimi pia niko mu ile foto. Nauliza tu: mutu wa Kadutu, komine ya hapa Bukavu, mwenye hajue hata kama tuko, alipata nini mu ile yote? Leo nitaongea juu ya radi na tere, ile njia ya umeme ya kushuka mu udongo, na juu ya kuipima.

Tuanzie mbali kidogo halafu turudi. Shirika kubwa ya ba-enjenyeri ba umeme mu dunia, ile banaitaka IEEE, mizizi yake iko New York, mwezi wa 5 mwaka 1884, wakati jina yake ilikuwa AIEE, na mu ba-vise-prezida ba kwanza kulikuwa Edison na Bell, ndiyo, yule wa telefone. Mwezi wa 10 mwaka uleule bakakutana Philadelphia, si kwa kula, bakasomeana kazi zenye balikuwa banafanya. Mwaka 1963 bakaungana na ndugu zao ba redio, IRE, yenye ilizaliwa 1912, njo ikakuwa IEEE. Sisi ba Afrika tuko mu Rejio ya 8, pamoja na Ulaya na Mashariki ya Kati. Na ukiangalia sheria yao juu ya chapita, ile tawi ya ba-spesialiste ba kazi moja, banaomba sainyi za batu 12 na mikutano ya ufundi isipunguke 2 ku mwaka. Batu 12, mikutano 2! Bendera haimo, polo zenye zimeandikwa jina ku mugongo hazimo. Banataka mukutane mukiwa na kintu ya kuambiana, basi.

Sasa sisi tuko na nini ya kuambiana hapa? Mutaniruhusu nijibu mwenyewe: radi.

Kulikuwa satelite moja ya kupima mvua, jina yake TRMM, ilihesabu radi toka juu kwa miaka mingi, 1998 mpaka 2013, halafu mwaka 2016 ba-siantifike bakatosha orodha ya mahali yenye radi inapigaka zaidi mu dunia. Ya kwanza ni ziwa Maracaibo kule Venezuela, karibu radi 233 ku kila kilometa karé kwa mwaka. Ya pili ku dunia, na ya kwanza mu Afrika yote, baliiandika kwa jina ya Kabare. Kabare yetu hii, ya jirani na Bukavu! Radi 205 ku kilometa karé kwa mwaka. Nukta yenyewe iko upande wa magharibi ya milima ya Mitumba, kule kwa msitu, kwa hiyo si lazima ni uwanja wa Mwami, chefu wa Kabare, lakini mu orodha ileile utakuta Kampene, utakuta Sake, utakuta Butembo. Na mbele ya hiyo, kijiji cha Kifuka, cha hapa hapa mashariki, njo kilikuwa kinatajwa, kwa 158. Sababu mwajua: maji yote ya hewa yenye inatoka mu bonde ya Congo inakuja kugonga hii milima, inapanda, inapoa, na joto ya mchana inasukuma, saa tisa saa kumi mawingu imesimama kama ukuta. Mu miji mingine ya dunia enjenyeri anaweza kufanya kazi mpaka pensio bila kuona nyumba yenye imepigwa. Hapa kila avenue iko na histoaré yake.

Na ukiuliza batu juu ya nini televizio ya jirani iliungua na yake hapana, watakuambia radi ilitumwa. Mimi sitapigana na mutu juu ya hiyo, kila mutu na babu yake, lakini naona kitu moja: hata ile yenye ilitumwa inafuata njia ya umeme. Inatafuta udongo. Ikikuta njia nzuri inapita inaenda zake, ikikuta njia mbaya inapasua.

Tufanye hesabu ya haraka, banafunzi muandike. Radi ya kawaida iko na kama ampere 30 000. Tere yako, ile waya ya kushuka mu udongo, iko na ohm 10 (ohm ni kipimo ya namna njia inazuia umeme), ambayo hapa mutu angejisifu nayo. 30 000 mara 10, volti 300 000, kwa muda mufupi sana, lakini hiyo muda inatosha. Nyumba yote inapanda pamoja, ni sawa, shida ni pale waya ingine inaingia toka inje, waya ya SNEL, kampuni ya umeme, waya ya antena, bomba ya chuma, hizo hazikupanda, njo moto inaruka kati. Kwa hiyo mutu mwenye alipandisha paratoneri, ile chuma ya kupokea radi, juu ya manjanja na akasahau kufunga chini, amejenga mulango bila njia ya kutokea. Na parafudri zenye zinauzwa huku mu magazini, zile ndogo za ku kofre ya umeme za kulinda apare na radi, bila tere ni plastiki tu.

Ng'ombe je? Mumesikia mara ngapi ng'ombe tano sita zimekufa chini ya muti moja? Hazikupigwa zote ku kichwa. Radi imepiga muti, umeme ikasambaa mu udongo, volti inapungua kila ukitoka mbali na muti, sasa ng'ombe, miguu ya mbele iko karibu, ya nyuma iko mbali, kati ya hizo kuko tofauti ya volti, na moyo iko katikati ya njia. Mutu mwenye amesimama miguu pamoja ana bahati kuliko ng'ombe. Hii kila mutoto wa masomo ya primere mu Kabare angepashwa kuijua, na nani wa kumuambia kama si sisi? Ila tusikimbie.

Narudi ku shirika juu nataka muone mutu moja. Herbert Ufer, enjenyeri Mumarekani. Wakati ya vita ya pili ya dunia bakamupa kazi mu Arizona, kuko depo za mabomu za jeshi, na mabomu na radi habapatanake. Shida: Arizona ni jangwa, mvua kidogo sana, ukipiga piketi, ile chuma ya tere, mu udongo ule haupate kitu. Akafikiri, akatumia ferabeto, zile chuma zenye ziko mu fondasio, ndani ya beto yenyewe. Juu beto inanyonya maji kidogo kidogo toka chini na inashika ile unyevu, inapitisha umeme vizuri kuliko udongo mukavu. Hiyo akili tu, batu wengi beko na akili. Kintu yenye inanifurahisha ni nyingine: alirudi kupima. Karibu miaka 18 nyuma yake, zile tere bado zilikuwa kati ya ohm 2 na 5. Akaleta namba kwa wenzake, mwaka 1964 ikachapishwa mu jurnali ya IEEE, na leo mpaka kesho ile tere banaiita kwa jina yake. Mutu moja, apare moja, kalamu, na wenzake ba kumusikiliza na kumubishia. Mimi hiyo njo naitaka tawi.

Na Ufer ni wa hapa kwetu zaidi kuliko mnafikiri. Chukueni fomula ya haraka: piketi ya kusimama, ohm zake ni karibu rezistivite ya udongo, ni kusema namna udongo wenyewe unazuia umeme, gawanya kwa urefu ya piketi. Hapa Bukavu udongo wetu mwekundu, ule unatutelemushia nyumba kila mwaka, kwa umeme ni muzuri, tuseme ohm-metre 50, piketi ya metre 2, unapata ohm 25. Nenda Goma. Kule si udongo, ni lava, baba anapiga piketi na nyundo inarudi ku uso wake. Basalti unaweza weka 2 000, metre 2, ohm 1 000. Sasa hapa muangalie vizuri, juu ba-elektrisie wengi banachanganya bintu mbili. Kwa kulinda mutu asipigwe na frigo, sheria ni ohm mara umeme ya diferansieli, ile apare yenye inakata umeme ikivuja, isipite volti 50. Diferansieli ya miliampere 30, inakubali mpaka ohm 1 666, kwa hiyo hata ile piketi mbaya ya Goma inapita! Lakini ukiweka diferansieli ya miliampere 500, ambayo njo inapatikanaka mu nyumba nyingi za zamani, unahitaji ohm 100, na wewe uko na 1 000, maana yake frigo inaweza kubaki na umeme ku mwili yake na kitu haikatike. Na kwa radi, ohm 1 000 ni sawa na bure. Piketi moja, maswali mbili, majibu mbili. Basi kwa ndugu zetu ba Goma, benye banajenga upya kila mara, fondasio njo piketi yao: ferabeto ya metre 6 isipunguke, imefungwa vizuri, beto ya santimetre 5 kila upande, na waya moja inatoka inje mbele ya kufunika. Bei yake ku siku ya kumwanga beto ni karibu zero. Kisha kumwanga, ni kuvunja nyumba.

Kuhusu chumvi na makala, zenye batu banaweka mu shimo ya piketi, najua mutaniuliza. Makala sawa, inashika maji. Chumvi inashusha ohm siku ile unapima mbele ya kliya, halafu mvua ya Bukavu inaiosha na ile yenye imebaki inakula piketi. Ni tere ya kulipisha fakture. Na piketi mbili zenye zimekaribiana hazigawe ohm kwa mbili, ziachane hata urefu ya piketi yenyewe.

Haya, kupima. Tere inapimwa na telurometa, si multimetre, na ile ya kubana ku waya kama koleo haifai ku nyumba yenye iko na piketi moja peke, inaomba umeme ipate njia ya kuzunguka. Unakata umeme, unafungua waya ya tere ku nyumba, unatupa piketi ya mwisho ya apare metre 30 ao 40 toka ku tere, ile ya katikati unaweka ku asilimia 62 ya hiyo umbali, unasoma. Halafu unaisogeza kidogo mbele, kidogo nyuma, unasoma tena, namba zikifanana uko sawa, zikiruka piketi zako ziko karibu sana. Metre 40! Mu Nguba, kule viwanja ni vikubwa, utazipata. Mu Kadutu, metre 40 unapita mu viwanja vya jirani tatu na mu jiko ya mama mwenye anapika sombe, kwa hiyo ile kazi inaomba mudomo kuliko inaomba apare, unasalimia kwanza, unaeleza, ndiyo unapita. Na mupime kiangazi, mwezi wa 7, wa 8, udongo ukikauka, juu namba ya mwezi wa 11 inabembeleza. Wingu likikuwa jeusi, mukunje waya mwende nyumbani.

Kwa hiyo pendekezo yangu ni fupi. Gala ya mwisho wa mwaka, mimi ningeifuta, najua batatu wanne hapa mbele wananiangalia vibaya. Ile franga tununue telurometa moja ya tawi, ikae kwa mutu moja, itoke kwa sainyi. Tuanze na masomo na santre za afya za Bagira na Kadutu, kisha Kabare. Kila mutu mwenye anapima aandike mu kayé moja: mahali, aina ya udongo, urefu ya piketi, tarehe, mvua ya mwisho ilinyesha lini, namba, na jina yake, juu namba bila jina hakuna mwenye atairudilia. Mikutano 2 za mwaka zikuwe za kufungua ile kayé na kubishana. Nafikiri hatutakosa maneno.

Kuko maswali? … Ndiyo mama. Anauliza kama telefone inavuta radi. Hapana mama, telefone yenye uko nayo ku mukono haivute kitu, hatari ni ile yenye iko ku sharjeri, juu ya waya ya ukuta. Muchomoe mbele mvua ifike, na televizio, na antena yake pia, si prizi peke.

Kijana pale nyuma, sema nguvu. Anasema yeye bado mwanafunzi, hana diplome, atasainyi wapi. Kijana, piketi inapigwa na nyundo. Uje juma mosi saa mbili pale Nyawera, uko na buti? Basi. Na mwenye ana waya ya milimetre karé 2,5 yenye inafika metre 50, aniambie leo, juu yangu inafika 30 tu.