Kamba Ianzie Kupimwa Wapi?

REHEMA: Karibuni tena, jamani. Mimi ni Rehema, na huyu anayemaliza chai yangu ni Mutua.

MUTUA: Mgeni hanyimwi chai. Hamjambo wasikilizaji?

REHEMA: Leo ni habari ya umeme wa upepo hapa Kenya, na ardhi inayowekwa mitambo yake. Mutua alienda kwao juzi, akarudi amenuna. Hebu tuanzie hapo.

MUTUA: Nilikuta tangazo limebandikwa kwenye mlango wa ofisi fulani ya serikali, kando ya lile la chanjo ya ng'ombe. Wananchi wanaalikwa kutoa maoni kuhusu mpango wa matumizi ya ardhi. Jumatano, saa nne asubuhi. Na Jumatano kwetu ni siku ya soko! Nikaenda hivyo hivyo. Tulikuwa watu kumi na mmoja, pamoja na madereva wawili wa maofisa. Ramani yenyewe ni karatasi ndogo, rangi sita. Mzee mmoja akanyoosha kidole: "Hii zambarau iliyokalia shamba langu ni nini?" Akaambiwa ni nishati.

REHEMA: Nishati gani?

MUTUA: Ndivyo na yeye alivyouliza. Jibu: "Ya baadaye, mzee." Tukatia sahihi, tukapewa soda, mkutano ukaisha.

REHEMA: Na sahihi ya soda ndiyo itakayosomwa kwamba umma umeshirikishwa.

MUTUA: Basi. Lakini hasira yangu nyingine ilikuwa kwa watu wetu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka kila kaunti iwe na mpango wa ardhi wa miaka kumi, unaopitiwa upya kila baada ya miaka mitano. Huo ndio unaosema hapa ni kilimo, hapa malisho, hapa panaweza kuwekwa mitambo ya upepo. Mkutano wake hauna mvuto, hakuna anayekuja. Siku winchi ikifika kijijini, hapo ndipo utaona umati.

REHEMA: Usiwalaumu upesi hivyo. Mtu ataachaje kuuza nyanya zake aende kuangalia zambarau? Tueleze Kinangop, maana naona ndiko unakoelekea.

MUTUA: Kinangop, Nyandarua. Mradi wa mitambo 38, megawati 60.8. Fedha zipo, mkataba wa kuuza umeme upo. Mwaka 2015 maandamano yakachacha hadi mtu akapoteza maisha, na Februari 2016 wawekezaji wakatangaza wamesimamisha. Hakuna hata mtambo mmoja uliozunguka pale. Watu wa Nairobi wakasema wakulima wamedanganywa na wanasiasa, eti wameambiwa ng'ombe wataacha kutoa maziwa.

REHEMA: Uvumi ulikuwepo, sikatai. Ila ukiondoa uvumi, hoja inabaki. Kinangop ni viazi, kabichi na ng'ombe wa maziwa, kwenye vishamba vya ekari chache. Chukua jirani wawili. Mmoja amekodisha kipande cha shamba, mtambo umesimama, analipwa. Huyu wa pili hakutia sahihi popote. Hapati shilingi, lakini sauti ya mapanga ya mtambo yakizunguka anaisikia usiku, na jua likiwa chini kivuli kinapita dirishani kwake, kinakuja, kinaenda, kinakuja. Kwenye mkataba ule yeye ni nani?

MUTUA: Si mtu wa mkataba. Mkataba ni wa wawili.

REHEMA: Ndiyo maana nasema mkataba hautoshi. Huyo wa pili analindwa na kanuni ya ardhi peke yake, ile inayosema mtambo ukae umbali gani. Na hapa ndipo pana kitu ambacho huwa hakiulizwi kwenye mabaraza. Tunauliza ni mita ngapi. Mia tatu, mia tano, elfu moja. Hatuulizi kamba ianzie kupimwa wapi.

MUTUA: Si kwenye nyumba?

REHEMA: Unaona? Umejibu kama mhandisi. Mama yako ana ekari ngapi?

MUTUA: Tano na kitu.

REHEMA: Nyumba iko wapi?

MUTUA: Juu, karibu na barabara. Huko chini ni... aa. Aa, Rehema.

REHEMA: Endelea.

MUTUA: Huko chini ndiko kaka yangu anataka kujenga.

REHEMA: Sasa kamba ikianzia kwenye nyumba ya mama, jirani anaweza kusimamisha mtambo kando ya ua wenu huko chini, na amefuata kanuni kabisa. Kisha kaka yako akija na matofali ataambiwa hapo ni karibu mno na mtambo, hakujengeki. Jirani amekodisha shamba lake, na lenu amelifunga bila kodi. Kamba ikianzia mpakani, jirani atalazimika kuja kuzungumza nanyi kwanza.

MUTUA: Na kwa vishamba vya Kinangop, kamba ikianzia mpakani mradi haujengeki.

REHEMA: Labda haujengeki. Au unajengeka kwa kuwalipa wote walio ndani ya duara la umbali huo, aliyekodisha na asiyekodisha. Hilo ni jambo la kujadiliwa mapema, wakati ramani bado ni penseli.

MUTUA: Ngoja nikutie mchanga kidogo. Umbali unaweza pia kuwa njia ya kukataa bila kutamka neno hapana. Jimbo la Bavaria kule Ujerumani, mwaka 2014, walipitisha kanuni kwamba mtambo uwe mbali na makazi mara kumi ya urefu wake. Mtambo wa mita 200, basi kilomita mbili. Vijiji vya kule vimepakana, ukichora hayo maduara hubakiwi na nafasi. Ujenzi wa mitambo karibu ukome, na 2022 wakaanza kulegeza. Poland walikuwa na kanuni kama hiyo hiyo tangu 2016, na 2023 wakashusha hadi mita 700.

REHEMA: Nakubali. Anayetaka mita elfu mbili aseme waziwazi kwamba hataki upepo. Lakini twende kaskazini, maana huko hata hiyo nyumba ya kupimia hakuna.

MUTUA: Marsabit.

REHEMA: Karibu na Loiyangalani, kati ya mlima Kulal na mlima Nyiru. Upepo unapita pale kama umeelekezwa na mfereji. Mitambo 365, megawati 310, mradi mkubwa. Rais wa wakati ule, Uhuru Kenyatta, aliufungua Julai 2019.

MUTUA: Baada ya mitambo kusimama zaidi ya mwaka ikingoja waya wa kusafirisha umeme! Kilomita 428 hadi kituo cha umeme cha Suswa zilikuwa hazijakamilika. Samahani, hilo huwa linaniuma.

REHEMA: Pole. Sasa, ardhi iliyokodishwa pale ni ekari 150,000. Mitambo yenyewe iko kwenye sehemu tu ya hizo. Ukimuuliza mtu wa mjini atakwambia ni jangwa, hakai mtu. Lakini Warendille, Wasamburu, Waturkana wanalisha pale, na mfugaji nyumba yake huhama. Leo boma liko hapa, kiangazi kikikaza liko kwingine. Kanuni ya mita kutoka nyumbani itamsaidia nini? Kwake kamba ianzie kwenye kisima. Ianzie kwenye njia ya mifugo ya kwenda majini. Ianzie kwenye malisho ya akiba, yale yanayoachwa mpaka mwaka mbaya. Hayo hayaonekani kwenye picha ya setilaiti, lazima umuulize mtu anayeyajua.

MUTUA: Na hawakuulizwa?

REHEMA: Wanajamii walikwenda kortini 2014. Oktoba 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi kule Meru ikasema hati za ardhi ile zilipatikana kinyume cha sheria, kwa sababu utaratibu wa kuitenga ardhi ya jamii haukufuatwa. Ikatoa mwaka mmoja wa kurekebisha. Mwaka 2023 ikakataa kuongeza muda, na mambo yakaelekea rufaa. Mitambo muda wote huo inazunguka.

MUTUA: Kwa hiyo mradi mmoja umekufa kwa kelele, na mwingine unazalisha umeme juu ya hati yenye kesi.

REHEMA: Sheria ya Ardhi ya Jamii ilikuja 2016. Sasa mwekezaji akitaka ardhi ya jamii, makubaliano yanahitaji theluthi mbili ya watu wazima kwenye mkutano mkuu wa jamii. Watu wazima, Mutua. Wanawake na vijana wamo. Wazee watano chini ya mgunga hawatoshi tena.

MUTUA: Nikuongezee Kipeto, Kajiado, ili tusionekane tunaimba maombolezo tu. Mitambo 60, megawati 100, umeme tangu 2021. Wenye ardhi ni Wamaasai wenye hati zao, wanalipwa kodi na sehemu ya mapato, na jamii ina asilimia 5 ya hisa. Kisha kuna tai. Karibu na pale kuna majabali wanakozalia, na tai ni ndege asiyetazama mbele, anatazama chini akitafuta mzoga. Basi wakaajiri vijana wa pale pale kukaa na darubini. Tai akikaribia, kijana anapiga simu, mtambo unasimamishwa.

REHEMA: Na mizoga?

MUTUA: Ng'ombe akifia karibu na mitambo anaondolewa upesi, tai wasishuke. Hiyo huwezi kuipanga bila mchungaji, yeye ndiye anajua ng'ombe amefia wapi.

REHEMA: Hizo asilimia 5 ni za mapatano, lakini. Kwa mvuke wa ardhini, Sheria ya Nishati ya 2019 imegawa kabisa mrabaha, yaani malipo ya kutumia rasilimali: kaunti 20 kwa mia, jamii ya pale 5. Kwa upepo hakuna mgawo kama huo. Unapata ulichojua kudai.

MUTUA: Kabla hatujafunga, msikilizaji mmoja ametuma sauti anauliza: yeye afanye nini, tangazo liko kwenye gazeti na kwao gazeti halifiki?

REHEMA: Kanuni za tathmini ya mazingira za 2003 hazisemi gazeti tu. Zinataka mabango mahali pa watu, tangazo la redio kwa lugha ya pale pia, na mikutano isiyopungua mitatu na wanaoguswa. Ukiona ni mmoja tu, andika barua, uandike tarehe, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Maneno ya barazani hupeperuka. Na kwenye barua usiandike "tunapinga" pekee. Andika kisima kiko wapi, kaburi la babu liko wapi, mwanao anataka kujenga wapi.

MUTUA: Mimi Jumamosi narudi nyumbani na kamba ya mita hamsini.

REHEMA: Kupima nini?

MUTUA: Kutoka ua wa chini mpaka kwenye ile zambarau. Kaka yangu atashika ncha ile nyingine.

REHEMA: Tutumie picha basi. Na wiki ijayo uje na chai yako.