Kipindi cha 63: Kilo Ngapi?

ZUHURA: Inarekodi? Taa imewaka. Haya, karibuni, ni sisi wale wale. Wasikilizaji hawakuoni, Chande, lakini umekaa upande. Hebu waambie.

CHANDE: Mgongo, dada. Mgongo umegoma.

ZUHURA: Na leo ndiyo siku ya Ken Domon, mpiga picha wa Japani, tuliyewaahidi watu tangu mwezi jana. Nina kurasa mbili hapa na mafunzo matano kwa wapiga picha. Matano! Kwa hiyo mgongo wako una dakika tatu.

CHANDE: Zinatosha. Jumanne nilimpeleka Mjomba kuhakikiwa. Mjomba mnamjua, alikuja kipindi cha 40 akakataa kuvaa hedifoni.

ZUHURA: Akasema zinambana mawazo.

CHANDE: Huyo huyo. Amepiga picha serikalini miaka thelathini na kitu, sasa ni mstaafu, na wastaafu lazima waende wenyewe waonekane kwamba wako hai. Tumefika, ofisi iko ghorofa ya nne. Mlango wa lifti umezibwa na kiti cha plastiki, kina karatasi: MBOVU. Mzee ana kiharusi cha mwaka juzi, mguu wa kulia anauburuta. Mlinzi anatuambia, "Apande polepole."

ZUHURA: Apande polepole mpaka wapi?

CHANDE: Nikachuchumaa, nikamwambia Mjomba panda. Akapanda. Nikambeba.

ZUHURA: Ghorofa nne? Mjomba kilo ngapi?

CHANDE: 72. Walimpima kliniki.

ZUHURA: Na mkongojo?

CHANDE: Mkongojo kaushika mwenyewe, ananigonga nao gotini kila kona. Sasa sikiliza. Ghorofa ya kwanza kanyamaza, ana aibu, masikini. Ghorofa ya pili ameanza: "Kata kulia. Angalia kichwa changu. Usitikise." Ghorofa ya tatu pana dirisha halina kioo, jua linaingia linapiga ukutani, rangi imebabuka babuka. Ananiambia, "Simama." Nikadhani anaumwa. "Simama hapo hapo. Umeona mwanga huo?"

ZUHURA: [anacheka] Hapana!

CHANDE: Nimesimama na kilo 72 mgongoni, jasho linaingia machoni, mzee anatazama mwanga. Anasema, "Rudi ngazi moja." Nikarudi, dada! Nikarudi ngazi moja!

ZUHURA: Nyie watu wa Tanga mkibebwa tu mnageuka masultani.

CHANDE: Hapo ndipo nilipomkumbuka Domon wako. Nikasema, kumbe vijana wake waliishi hivi.

ZUHURA: Sawa, umeingia. Nikubali tu kwamba leo umeingia vizuri. Kwa wasiomfahamu: Ken Domon, kazaliwa Sakata, mkoa wa Yamagata, kaskazini mwa Japani, mwaka 1909. Alianza na picha za habari miaka ya 30. Halafu mwaka 1939 akaenda Muroji, hekalu la Kibuddha huko milimani Nara, na pale akashikwa. Sanamu za mbao za zaidi ya miaka elfu moja. Akawa anarudi na kurudi, Muroji na mahekalu mengine, na kazi ile ikaja kuwa vitabu vitano vikubwa, Koji Junrei, maana yake hija ya mahekalu ya kale. Cha kwanza 1963, cha mwisho 1975.

CHANDE: Na kiharusi?

ZUHURA: Usiruke. Kiharusi cha kwanza akiwa na miaka 50. Upande wa kulia ukalegea. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa kamera ndogo ya mkononi, anawakimbiza watoto mitaani. Ana kitabu cha watoto wa wachimba makaa ya mawe wa Chikuho, migodi inafungwa, baba hawana kazi. Kilitoka 1960 kwenye karatasi duni makusudi, yeni 100 tu, ili hata maskini anunue. Kikauza zaidi ya nakala laki moja. Sasa kamera ndogo akawa haiwezi tena. Akahamia kamera kubwa, ile ya kusimamisha kwenye miguu mitatu na kujifunika shuka jeusi.

CHANDE: Ambayo yeye hawezi kuibeba.

ZUHURA: Ambayo wanabeba wasaidizi.

CHANDE: Na yeye mwenyewe wanambeba wasaidizi.

ZUHURA: Mwaka 1968 kikampiga cha pili, akawa wa kiti cha magurudumu. Na mahekalu ya Japani yana ngazi, Chande. Muroji ni ngazi za mawe tangu chini. Kwa hiyo ndiyo, mgongoni.

CHANDE: Kilo ngapi?

ZUHURA: Sijaenda kumpima!

CHANDE: Hilo ndilo swali ambalo wasomi hawaulizi.

ZUHURA: Naomba nifike funzo la kwanza. Domon alikuwa na msimamo aliouhubiri sana kwa vijana wa kamera miaka ya 50: picha isipangwe. Usimwambie mtu "geuka huku, cheka". Chukua ulichokikuta.

CHANDE: Halafu akaenda hekaluni na mzigo wa taa.

ZUHURA: Nilijua utasema.

CHANDE: Si kweli? Eleza alivyokuwa anapiga.

ZUHURA: Ni kweli, na ni kitu cha kuona. Ukumbi wa hekalu una giza, madirisha hakuna. Anakaa mbele ya ile sanamu kwanza, anaitazama muda mrefu kamera ikiwa bado begani mwa mtu. Halafu anachagua sehemu. Haipigi yote, anapiga mkono tu, au midomo. Ile sanamu ya Shaka aliyekaa, Shaka ni jina la Kijapani la Buddha, pale Muroji, aliyosema ndiye Buddha mzuri wa sura kuliko wote, ukiona picha zake unaona mikunjo ya nguo inashuka kwenye mti kama maji yanayorudi pwani, na nyufa za mbao unazihesabu. Ili vyote vionekane vikali, tundu la lenzi linafungwa dogo kabisa, kwa hiyo mwanga unatakiwa mwingi. Wanafungua shata, kile kilango cha kamera kinachoingiza mwanga, giza totoro, kijana anakwenda na balbu ya flashi, pa! Anahama, pa! Balbu moja ikiwaka imekufa, unachomeka nyingine, ya moto hiyo, inachoma vidole.

CHANDE: Na Domon?

ZUHURA: Yuko kwenye kiti. Anasema: juu kidogo. Kushoto.

CHANDE: "Kata kulia. Angalia kichwa changu."

ZUHURA: [anacheka] Haya.

CHANDE: Sasa nauliza kwa dhati, tuache utani. Kamera kaisimamisha mwingine, balbu kaishika mwingine, filamu kaingiza mwingine, na mzee mwenyewe kafikishwa na mgongo wa mwingine. Kitabu kimeandikwa Domon Ken. Picha ni ya nani?

ZUHURA: Ya Domon.

CHANDE: Haraka hivyo?

ZUHURA: Haraka hivyo. Wape wale vijana kamera ile ile, balbu zile zile, sanamu ile ile. Watapiga picha ya katalogi. Kilichopooza ni mkono. Jicho halikupooza.

CHANDE: Jicho halipandi ngazi.

ZUHURA: Fundi anayejenga nyumba hapandishi kila tofali.

CHANDE: Na ndiyo maana nyumba haiitwi kwa jina lake! Inaitwa ya mwenye hela. Mfano umekugeukia.

ZUHURA: Haujanigeukia, umeupindua wewe. Twende kwenye theluji, kwa sababu theluji itakunyamazisha.

CHANDE: Haya, theluji.

ZUHURA: Tangu ile 1939 anakwenda Muroji, amepiga masika, vuli, majani mekundu. Theluji hajaipata. Na mkuu wa hekalu alikuwa amemwambia zamani kwamba Muroji inapendeza kuliko siku zote ikiwa na theluji. Nara si baridi kama kwao Sakata, theluji inaanguka kidogo, asubuhi, jua likitoka imekwisha. Miaka inapita. Mwaka 1978, ana miaka 68, yuko kwenye kiti, anakaa hospitali huko huko Nara akisubiri. Januari hakuna, Februari hakuna ya maana. Machi, tena katikati ya Machi, watu wameshaanza kufikiria maua, yuko kwenye nyumba ya wageni chini ya hekalu, asubuhi wanafungua dirisha: nyeupe. Nyembamba tu. Alilia. Halafu akaamuru twende.

CHANDE: Akaamuru nani?

ZUHURA: Chande.

CHANDE: Hapana, niambie. Ngazi za mawe, zimelowa theluji, zinateleza. Mimi Jumanne ngazi zilikuwa kavu na bado goti lilicheza. Mtu amesubiri miaka karibu 40, sawa, nalia naye. Lakini kuna kijana hapo, alfajiri, anaomba Mungu asiteleze na mzee maarufu mgongoni. Hiyo picha ya ngazi zenye theluji ukiitazama, theluji haina nyayo. Kwa nini haina nyayo? Kwa sababu kuna watu wameambiwa wasikanyage!

ZUHURA: Umeanza kubuni.

CHANDE: Nasema ninachokiona.

ZUHURA: Wale vijana hawakuwa mateka. Walikuwa wanafunzi wake, walimfuata wenyewe, na wengine walitoka na ufundi wao. Fujimori Takeshi alikuwa mwanafunzi wa Domon na akaja kuwa mpiga picha mwenye jina lake mwenyewe. Alilipwa kwa elimu.

CHANDE: Hiyo "utalipwa kwa elimu" umeichukia miaka yote kwenye kipindi hiki! Ulipokuwa unashika taa kwenye harusi za watu bila hata nauli ulisemaje?

ZUHURA: Yule aliyenishikisha taa hakuwa na cha kunifundisha.

CHANDE: Alijua?

ZUHURA: [kimya] Endelea.

CHANDE: Nina kitu nimekisoma jana kitandani, kwa sababu ya mgongo. Domon huyo huyo, wakati wa vita, 1941 mpaka 1943, alikuwa Osaka anapiga Bunraku, ile michezo ya vikaragosi. Picha kama 7,000. Na kikaragosi kimoja cha Bunraku kinashikwa na watu watatu. Mmoja kichwa na mkono wa kulia, mmoja mkono wa kushoto, mmoja miguu. Jadi yao wanasema miaka kumi miguuni, miaka kumi mkono wa kushoto, ndipo upewe kichwa. Sasa yule wa kichwa uso wake unauona, yuko wazi. Wale wawili wamefunikwa vitambaa vyeusi mpaka usoni. Wako mbele yako jukwaani na unakubali kutowaona.

ZUHURA: Hiyo nzuri. Hiyo nzuri, nakubali.

CHANDE: Domon aliwatazama wale wa kitambaa cheusi miaka miwili. Alijua wapo.

ZUHURA: Alijua, na alijua pia kwamba kikaragosi kina kichwa kimoja. Ukimpa kila mmoja amri yake, miguu inakwenda Dodoma, kichwa kinakwenda Mwanza. Mimi sisemi wasaidizi si watu. Nasema picha ni uamuzi. Kuna ile ya ukumbi wa Byodoin, karibu na Kyoto, jua linazama, wameshafunga vyombo. Domon anageuka, anaona mawingu mekundu yanapita nyuma ya paa, na ukumbi ule anauona unakimbia. Jengo, linakimbia! Anapiga kelele wamletee kamera, wanahangaika, anapata picha moja, giza limeingia. Wote walikuwa pale. Nani mwingine aliona jengo linakimbia?

CHANDE: Walikuwa wanakimbia wao, wangeonaje?

ZUHURA: [anacheka] Kwa kweli wewe...

CHANDE: Nasema hivi: majina. Nyuma ya picha, kwa herufi ndogo, kafanya fulani, kabeba fulani. Nani anaumia?

ZUHURA: Na mimi nasema hiyo ni shukrani, iandike ukurasa wa mwisho. Uandishi wa picha ni kitu kingine. Sitahama hapo.

CHANDE: Mimi pia sihami. Hata kuinuka siwezi.

ZUHURA: Mwenye studio anaonyesha kidole kwenye saa.

CHANDE: Tumefika funzo la ngapi?

ZUHURA: La kwanza. Isipangwe.

CHANDE: Basi tumelifuata.

ZUHURA: Sikiliza, hili lazima niliseme, la Sakata. Domon aliwapa watu wa kwao kazi zake zote, wakamjengea jumba la makumbusho kando ya ziwa, usanifu wa Taniguchi Yoshio, likafunguliwa 1983. Lakini 1979 alikuwa amepigwa kiharusi cha tatu, akazama usingizini asiamke. Miaka 11, mpaka alipofariki 1990. Jumba lake hakuliona.

CHANDE: ...Hiyo ungeianza nayo.

ZUHURA: Ulikuwa ngazini na Mjomba.

CHANDE: Mjomba hajahakikiwa, unajua? Tumefika juu, mashine ya vidole inamkataa. Kidole gumba, hapana. Cha shahada, hapana. Anamwambia yule binti, "Mwanangu, vidole hivi vimeliwa na dawa za kusafishia picha, hutapata kitu." Halafu binti anampiga picha ya uso, mzee anamwambia sogeza hiyo taa, unanipa vivuli viwili.

ZUHURA: Akasogeza?

CHANDE: Akasogeza. Ila ya vidole turudi Alhamisi.

ZUHURA: Lifti watakuwa wametengeneza?

CHANDE: Kile kiti kimepigwa misumari, dada.

ZUHURA: Nitakuja.

CHANDE: Utabeba?

ZUHURA: Nitabeba mkongojo. Usiandike jina langu popote.