Daktari Ambaye Hakuwepo: Kuikagua Filamu ya Idi Amin

OKELLO: Karibuni tena. Leo tuko na The Last King of Scotland, ile ya 2006 iliyoongozwa na Kevin Macdonald, Forest Whitaker akiwa Idi Amin. Dada Zubeda, watu wanauliza jambo moja tu: ni ya kweli au si ya kweli?

ZUBEDA: Ukiuliza hivyo hupati jibu, kaka Okello. Mimi huwagawa wahusika mafungu matatu. Kuna mtu wa kweli. Kuna mtu wa kubuni. Halafu kuna wa tatu, na huyo ndiye mwenye taabu: mtu wa kweli aliyebebeshwa mambo ya kubuni. Ukishawapanga hivyo, hutapoteza saa nzima kubishana kama lafudhi ya Whitaker ni ya Koboko, kwao Amin, au la.

OKELLO: Haya, wa kubuni kwanza. Nicholas Garrigan, daktari kijana wa Kiskoti anayechezwa na James McAvoy.

ZUBEDA: Hakuwepo. Katoka kwenye riwaya ya Giles Foden ya 1998. Foden alichota kidogo kwa Bob Astles, Mwingereza aliyekuwa mtu wa karibu wa Amin. Lakini Astles hakuwa daktari, wala hakuwa kijana aliyeshuka kwenye ndege juzi. Alikuwa Uganda tangu kabla ya uhuru, na kufikia 1976 alishapita miaka hamsini. Kwa hiyo mtu asiseme "Garrigan ndiye Astles". Amebaki harufu tu.

OKELLO: Mimi Garrigan simlaumu sana. Filamu ilitaka mtu asiyejua kitu, mtazamaji ajifunze pamoja naye.

ZUBEDA: Sawa, lakini angalia anakaa kiti cha nani. Kila jambo zito linapita mikononi mwake. Kufukuzwa kwa Wahindi: yeye ndiye anayemkanya Amin. Kifo cha Kay, mke wa Amin: yeye ndiye chanzo. Mateka wa ndege iliyotekwa na kutua Entebbe: yeye anaondoka nao. Madaktari wa hospitali ya Mulago, Kampala, waliokuwa Waganda, waliobaki wakifanya kazi pale miaka yote hiyo, wanawakilishwa na mtu mmoja, Dakta Junju, naye anauawa ili Mskoti apande ndege.

OKELLO: Hapo umenigusa. Tumchukue Kay, maana huyo ni wa fungu la tatu.

ZUBEDA: Kay Adroa alikuwa mtu wa kweli, mke wa Amin. Katika filamu ni mke aliyetengwa kwa sababu mtoto wake ana kifafa, anaingia kwenye mapenzi na Garrigan, anashika mimba, anatafuta pa kuitoa, anakufa, na mwili wake unaonyeshwa umekatwa viungo na kushonwa kinyume, mikono mahali pa miguu. Sasa weka tarehe. Machi 1974 Amin aliwapa talaka wake zake watatu kwa mpigo, Malyamu, Kay na Nora, na taarifa ikasomwa redioni. Kay alikufa Agosti 1974, akiwa si mke wake tena. Mabaki yake yalikutwa kwenye buti la gari la Dakta Peter Mbalu-Mukasa, aliyekuwa na uhusiano naye, na daktari huyo naye akafa kwa kumeza dawa.

OKELLO: Kwa hiyo mwili kukatwa ni kweli.

ZUBEDA: Kukatwa ni kweli. Mikono na miguu kubadilishana ni uvumi uliopata kamera. Henry Kyemba, aliyekuwa waziri wa afya wakati huo, ameeleza kwamba mwili ulishonwa ili uonyeshwe watoto, na kwamba hakuna kilichoonyesha Amin ndiye aliyeamuru ukatwe. Maelezo yake ni kwamba utoaji mimba uliharibika, na daktari akajaribu kuficha mwili. Ni tukio la kutisha vilevile, ila mkosaji amebadilishwa na sababu imebadilishwa. Mtu anayetoka kuangalia filamu anaondoka na adhabu ya mume mwenye wivu.

OKELLO: Na Mbalu-Mukasa amefutwa kabisa.

ZUBEDA: Kabisa. Mganda aliyekufa kwa jambo hilo kaondolewa, nafasi yake kapewa mhusika wa riwaya. Nikikagua filamu yoyote ya maisha ya mtu, swali langu kubwa ni hilo: ubuni umeangukia kaburi la nani?

OKELLO: Umemtaja Kyemba. Katika filamu waziri wa afya anaitwa Jonah Wasswa, na anauawa kwa sababu Garrigan alimchongea kwa Amin.

ZUBEDA: Wakati waziri halisi alitoroka! Kyemba aliondoka 1977, alipokwenda Geneva kwenye mkutano wa Shirika la Afya Duniani, hakurudi, na mwaka huohuo akatoa kitabu. Mengi tunayoyajua kuhusu Kay, na kuhusu yule mateka mzee Dora Bloch aliyechukuliwa kutoka Mulago akauawa, yanatokana na maelezo yake. Filamu inamuua mtu ambaye, katika historia, ndiye aliyebaki hai akasimulia.

OKELLO: Tuje kwenye kalenda yenyewe, maana naona hapo ndipo watazamaji wanapotea bila kujua.

ZUBEDA: Filamu inaanzia karibu na mapinduzi ya Januari 25, 1971, Amin alipompindua Rais Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, na inaishia Entebbe, 1976. Miaka mitano na zaidi kwa saa mbili. Kubana si kosa, kila filamu inabana. Kosa linakuja unapobana mpaka tukio la pili likaonekana limeletwa na la kwanza. Kifo cha Kay cha Agosti 1974 kimesukumwa mpaka kikagusana na utekaji wa ndege. Ndege ya Air France ilitekwa Juni 27, 1976, ikatua Entebbe tarehe 28. Kati ya Kay na ndege ile kuna karibu miaka miwili. Filamu inazipa siku chache.

OKELLO: Na ile ya Garrigan kupanda ndege na mateka walioachiwa?

ZUBEDA: Msingi wake upo. Mateka wasio Waisraeli waliachiwa kwa makundi mawili, Juni 30 na Julai 1. Makomando wa Israeli walifika usiku wa Julai 3 kuamkia 4. Wakawaokoa mateka 102. Watatu walikufa katika uvamizi, na Dora Bloch baadaye, maana alikuwa hospitali. Rubani Michel Bacos na wafanyakazi wake walikataa kuondoka na walioachiwa, wakabaki. Unaona? Kulikuwa na kisa cha kusisimua tayari, kizima, hakijaguswa, na watengenezaji wa filamu wakapeleka Mskoti kutundikwa kwa ndoano kifuani.

OKELLO: Ile ya ndoano watu huniambia ilitokea.

ZUBEDA: Garrigan hakuwepo, atatundikwaje? Mateso yalikuwepo, Nakasero kwenye makao ya State Research, idara ya ujasusi ya Amin, na pia Naguru na Makindye. Yalikuwa ya kutosha bila kuongezwa.

OKELLO: Nitete kidogo upande wa pili. Whitaker alipata Oscar ya mwigizaji bora, 2007, na nadhani alistahili. Alijifunza Kiswahili, alijifunza kupiga kile kinanda cha kuvuta, kwa sababu Amin alikipiga kweli. Ukitaka kulinganisha, ipo filamu ya Barbet Schroeder ya 1974, ya Amin mwenyewe, si ya kuigiza. Amin anapiga kinanda, anacheka, anaongoza kikao cha mawaziri, anamfokea waziri mbele ya kamera. Ziweke skrini mbili. Utaona Whitaker ameshika jambo gumu: ule ucheshi ambao ghafla unakatika.

ZUBEDA: Hapo sina ubishi. Na ile ya Schroeder yenyewe ina funzo. Amin alitaka vipande vikatwe, mwongozaji akagoma, basi Wafaransa waliokuwa Kampala wakazuiliwa mpaka vikakatwa. Dakika mbili na nusu hivi. Hata filamu ya habari huwa na mkono wa mtu.

OKELLO: Lakini lugha. Hili ni letu.

ZUBEDA: Hili ni letu, ndiyo. Amin wa kwenye filamu anasema karibu kila neno la maana kwa Kiingereza, kwa kuwa Garrigan yuko chumbani. Amin wa kambini alikuwa mtu wa Kiswahili na Kinubi, toka King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, alikoingia 1946. Amri za jeshi zilikuwa za Kiswahili, na 1973 akatangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Kiingereza chake kilikuwa cha kusuasua, na dunia ikamcheka. Ukimsikia kwa Kiingereza peke yake unamwona mpumbavu au mwendawazimu. Askari waliomsikia kwa Kiswahili waliona mtu anayejua kuusoma umati. Ndiyo maana wazee wengi, hasa waliopita jeshini, wanatikisa kichwa wakiangalia: sura ndiyo, mtu siye.

OKELLO: Mapokezi hapa nyumbani yalikuwa ya kuchanganya. Ilionyeshwa rasmi Kampala Februari 2007, Rais Museveni akihudhuria. Watu wakafurahia kuona jiji lao, maana imepigwa hapahapa, na Waganda wamo, Stephen Rwangyezi, Abby Mukiibi. Lakini walioingia sinema za bei ya juu ni wachache. Filamu za nje wengi wetu huzionea kwenye vibanda.

ZUBEDA: Na kibanda kinabadilisha filamu. Elezea, maana kuna wasikilizaji wa nje.

OKELLO: Kibanda ni chumba chenye mabenchi, runinga na spika. Filamu za Kizungu zinakuja zimetafsiriwa na VJ, yaani msimulizi wa filamu. VJ ana maiki na mikisa, anapunguza sauti ya filamu, anasema juu yake kwa Kiganda, na hatafsiri neno kwa neno. Anaeleza, anatania, anatia majina ya mitaa unayoijua. Filamu ya mapigano inanoga zaidi. Filamu ya historia, hapo kazi ipo: maandishi ya mwanzo yanayosema hadithi imechochewa na matukio ya kweli yanapita kimya, na sauti ya VJ inakwambia "huyu ndiye aliyemuua fulani".

ZUBEDA: Baada ya hapo kijana anasimulia tukio la filamu kama alilolisikia kwa babu yake.

OKELLO: Sasa anayetaka kuikagua mwenyewe afanyeje?

ZUBEDA: Aiangalie mara mbili. Ya kwanza aiache imchukue. Ya pili akae na daftari, aandike dakika, jina la mhusika na fungu lake, kisha mwaka ambao filamu inadai. Kila tukio lenye tarehe alitafutie tarehe halisi. Kwa matangazo ya serikali, gazeti ni Uganda Argus, lililogeuka Voice of Uganda mwishoni mwa 1972. Lilikuwa mdomo wa serikali: likikwambia jambo limetangazwa lini, amini, likikwambia kwa nini, tafuta kwingine. Amri ya Wahindi, Agosti 4, 1972, siku 90, utaipata bila shida.

OKELLO: Na picha?

ZUBEDA: Picha zina mtego wake. 2015 zilipatikana negativu kama 70,000 kwenye Shirika la Utangazaji la Uganda, na 2019 Makumbusho ya Uganda yakaonyesha baadhi. Mikutano, gwaride, harusi, mikono inapungwa. Mateso hayamo, kwa sababu mpigapicha alikuwa wa serikali. Kitu kutokuwemo kwenye picha si dalili kwamba hakikutokea.

OKELLO: Na filamu nayo ina yasiyomo. Askari wa Kiacholi na Kilangi waliochinjwa kambini 1971 hawaonekani ipasavyo. Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka, aliyekamatwa ndani ya Mahakama Kuu Septemba 1972, hayumo.

ZUBEDA: Askofu Mkuu Luwum aliuawa Februari 1977, filamu imeshafungwa, tuisamehe. Kiwanuka hana msamaha, miaka yake imo ndani. Kuhusu idadi ya waliokufa, utasikia 300,000, utasikia 500,000, na Tume ya Kimataifa ya Wanasheria ilianzia 80,000. Ni makadirio yote. Ukitaka majina, Amin mwenyewe, kwa shinikizo, aliunda tume ya waliopotea Juni 1974, chini ya Jaji Mohammed Saied. Ilichunguza watu 308, mmoja mmoja: nani alimwona mara ya mwisho, gari gani lilimchukua. Halafu ipo ya Jaji Arthur Oder iliyoundwa 1986, ripoti yake ikatoka 1994.

OKELLO: Uanzie ipi?

ZUBEDA: Ya Saied. Ilikusanywa Amin akiwa bado madarakani, mashahidi wakijua atasoma. Soma kurasa ishirini, kisha rudi kwenye filamu uangalie tena tukio la Wasswa kuchukuliwa.