Kuzalisha Primrozi Mpya ya Bustani, Hatua kwa Hatua

Habari zenu watazamaji, karibuni sana bustanini. Nipo kaskazini mwa Uingereza, ni mwezi wa nne, na hapa chini ya miti primrozi zimechanua kila mahali. Leo nawaonyesha namna ya kuzalisha aina mpya ya ua hili kwa mikono yako mwenyewe, bila maabara na bila gharama kubwa. Andaa kibano chenye ncha nyembamba, kioo cha kukuzia, nyuzi za sufu za rangi mbalimbali, lebo, kalamu ya risasi na daftari. Kuchavusha kwenyewe ni kazi ya dakika chache. Kazi hasa ni kuchagua, na huko ndiko tutakakokaa zaidi.

Tuanze na lengo. Usiguse ua lolote kabla hujaandika kwenye daftari unataka nini. Madukani utakuta primula, yaani jamii nzima ya primrozi, zenye maua makubwa ya kila rangi, zilizozalishwa ili zichanue kwa pamoja kwenye vyungu na zipendeze dirishani kwa wiki chache. Ukizipeleka nje, mara nyingi mvua inazilaza, petali zinashika ukungu wa kijivu, na mwaka unaofuata huzioni. Mimi sioni sababu ya kuongeza nyingine ya namna hiyo. Tunatafuta mmea wa bustani hasa, unaostahimili baridi na unaorudi kila mwaka ukiwa umenenepa kuliko mwaka uliopita.

Kwa video hii lengo letu ni hili: petali za njano hafifu kama za primrozi ya porini, majani yenye weusi wa zambarau, na kola ya vijani vidogo kuzunguka kila ua.

Sasa wazazi. Mmea huu wa kushoto, wa njano hafifu, ni Jack-in-the-green. Angalia chini ya petali: pale ambapo ua la kawaida lina sepali nyembamba (vijani vinavyoshika petali), huu una vijani kamili vilivyotandazwa kama kola. Sifa hii inajulikana Uingereza tangu karne ya 16, na inampendelea anayeanza kwa sababu ni sifa tawala. Mzazi mmoja akiwa nayo, unaiona kwenye kizazi cha kwanza, kwa nusu ya miche au hata yote. Mmea wa kulia ni wa kundi la Wanda: mfupi, unatambaa, majani yana weusi, maua ni zambarau iliyokolea. Ndani yake mna damu ya Primula juliae, ambayo Julia Mlokosewitsch aliigundua mwaka 1900 katika milima ya Caucasus. Primula juliae na primrozi ya porini, Primula vulgaris, zote zina kromosomu 22, ndiyo maana zinazaana bila taabu.

Tafadhali, usiende kung'oa primrozi porini. Hapa Uingereza sheria ya mwaka 1981 inakataza kung'oa mmea wa porini bila idhini ya mwenye ardhi. Nunua mbegu au miche kwa mtu anayeipanda.

Hatua inayofuata ndiyo inayowashinda wengi. Sogea karibu na uangalie katikati ya maua haya mawili. Hili la kwanza lina kidoti kimoja cha kijani katikati ya tundu, mfano wa kichwa cha pini. Hicho ni stigma, sehemu inayopokea chavua, iliyobebwa na kijiti kirefu kiitwacho staili, na vichavulio, yaani vifuko vya chavua, vimejificha katikati ya mrija wa petali. Ua hili huitwa pini. La pili halina kidoti. Mdomoni mwa tundu kuna vichavulio vitano vya njano, na stigma imejificha chini, katikati ya mrija, kwenye staili fupi. Hili huitwa thramu. Mmea mmoja huwa na namna moja tu ya maua, yote pini au yote thramu.

Charles Darwin alilichunguza jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 1862. Alionyesha kuwa pini ikichavushwa na thramu, au thramu na pini, mbegu zinajaa. Pini kwa pini au thramu kwa thramu, unapata kidogo sana au hupati kabisa. Kwa hiyo kabla hujachagua mama na baba kwa sababu ya rangi, hakikisha mmoja ni pini na mwingine ni thramu. Nakushauri mama awe pini na baba awe thramu, kwa sababu stigma ya pini imesimama wazi na chavua ya thramu iko mdomoni, rahisi kuchukua. Jack-in-the-green yangu ni pini, Wanda ni thramu, basi wazazi tunao.

Twende kwenye ua lenyewe. Kwa mama, chagua chipukizi la ua ambalo kesho lingefunguka: petali zimeshaonyesha rangi lakini bado zimejikunja. Ukichelewa hadi lifunguke, nyuki anaweza kuwa amekutangulia. Shika kikonyo chini ya ua kwa kidole gumba na cha shahada, kwa mkono wa pili bana mrija wa petali, kisha vuta juu taratibu. Umeona? Petali zote zimetoka kwa pamoja kama mrija mmoja, na vichavulio vitano vimetoka nazo kwa sababu vimeshikamana na ukuta wa mrija. Kilichobaki ni ile kola, ovari (kifuko cha mbegu) ya mviringo chini, na staili imesimama peke yake na stigma juu. Chukua kioo cha kukuzia uikague stigma. Iwe safi, kijani kilichopauka, isiwe na vumbi la njano. Ukiona vumbi, likate ua hilo, chukua jingine.

Mbinu hii ya kung'oa petali zote ndiyo iliyojenga Barnhaven, kitalu maarufu cha primula. Florence Bellis alianza miaka ya 1930 kule Oregon, Marekani, akiwa na pakiti chache tu za mbegu, akachavusha kwa mkono mwaka hadi mwaka mpaka primula zake zikajulikana dunia nzima. Mwaka 1966 mbegu zake zilivuka bahari hadi Kendal, hapa kaskazini mwa Uingereza, na leo kitalu hicho kiko Bretagne, Ufaransa. Bado mbegu ni za kuchavusha kwa mkono.

Faida ya mbinu yake ni kwamba ua lisilo na petali halimwiti nyuki wala halina pa kutua. Mimi bado hulifunika kwa kimfuko cha shela kwa siku mbili tatu, kwa usalama.

Sasa baba. Ngoja umande ukauke, saa nne hivi asubuhi. Chukua ua la thramu lililofunguka leo, ling'oe petali kwa namna ile ile, kisha uchane mrija kwa urefu uukunjue. Vile vichavulio vitano vinakaa wazi mbele yako. Gusa kwa ukucha: chavua ikibaki kwenye ukucha kama unga, imeiva. Sugua vichavulio juu ya stigma ya mama hadi kile kidoti cha kijani kigeuke njano. Rudia kesho yake kwa ua jingine la baba huyo huyo. Chavusha maua sita au saba kwenye mmea, usitegemee moja.

Funga uzi wa sufu kwenye kikonyo, uandike lebo papo hapo. Mama huandikwa kwanza, halafu alama ya kuzidisha, halafu baba, na tarehe. Tumia kalamu ya risasi, maana wino wa kalamu nyingi hufutika kwa jua na mvua. Ukiondoka bila kuandika, mbegu zako hazitakuwa na ukoo.

Baada ya wiki moja au mbili ovari itaanza kuvimba. Vikonyo vitainama kuelekea ardhini, usivisimamishe. Mwezi wa sita au wa saba kifuko cha mbegu kinapauka na kuanza kufunguka juu. Usichelewe hapo: kila mbegu ya primrozi ya porini ina kijisehemu chenye mafuta ambacho sisimizi wanakipenda, na wanazibeba mbegu hadi shimoni kwao. Vifuko vikianza kupauka, vivishe tena kimfuko cha shela.

Kusia kuna njia mbili. Unaweza kusia mbegu mbichi siku hiyo hiyo, au uzikaushe, uzitie kwenye chupa ndani ya friji na kuzisia mwezi wa pili. Tandaza mbegu juu ya udongo laini wa kusia, uliolowa. Usizifukie, zinahitaji mwanga. Nyunyiza vemikulaiti (punje nyepesi za madini) kidogo tu. Joto liwe nyuzi 15 hadi 18. Likipita 20 nyingi hugoma kuota, na hili ndilo linalowaangusha wanaoweka trei juu ya mashine ya kupasha joto. Wiki tatu au nne utaona vijani. Udongo usikauke hata siku moja. Zikifikisha majani mawili matatu halisi ziatike kwenye vyungu vidogo, halafu uzipeleke bustanini kwenye kivuli cha nusu siku, sentimita 25 kati ya mche na mche. Kagua mizizi: lava wa fukusi, weupe na waliojikunja, huimaliza chini kwa chini na utashtuka mmea mzima umelegea.

Masika ya Ulaya yanayofuata, kizazi cha kwanza kinachanua. Na hapa ndipo watu wengi hukata tamaa. Maua karibu yote yatakuwa na wekundu au zambarau, kwa sababu rangi hiyo kwa kawaida huifunika njano. Njano yako haijapotea, imejificha. Usitupe miche hiyo. Chagua miwili iliyo bora, yote yenye kola na majani yaliyokoza, mmoja pini na mwingine thramu, na uichavushe ndugu kwa ndugu. Kuzipata zote mbili si shida, kwani pini kwa thramu huzaa takriban nusu kwa nusu.

Kizazi cha pili ndicho unachokisubiri. Sifa moja iliyojificha hurudi kwa mche mmoja kati ya minne. Ukitaka sifa mbili zilizojificha kwenye mche mmoja, ni mmoja kati ya 16. Tatu, ni mmoja kati ya 64. Ili uwe na uhakika wa asilimia 95 wa kupata angalau mche mmoja wa ile ya mmoja kati ya 16, panda miche 48. Kwa ule wa mmoja kati ya 64, panda kama 190. Bustani yako ikiwa ndogo, punguza matakwa. Usipunguze miche ukabaki na matakwa yale yale.

Lengo letu lina ugumu wake pia. Rangi inayotia majani weusi, anthosianini, ndiyo hiyo hiyo inayotia petali wekundu. Tunaiomba ikae kwenye majani na iondoke kwenye ua. Inawezekana: Joe Kennedy wa Ireland, aliyefanya kazi hii zaidi ya miaka 30, alitoa 'Drumcliff' yenye majani meusi na maua meupe-krimu. Kwa hiyo tunajua kuna njia.

Sasa kuchagua. Usichague siku ya jua. Toka siku ya mvua na upepo uone ua lipi limebaki limesimama. Toka asubuhi yenye barafu. Piga magoti unuse, kwa sababu harufu ya primrozi ya porini ni tamu na ni rahisi kuipoteza bila kujua. Chomeka kijiti kwenye kila mche ulioupenda, kisha mwaka wa pili uondoe kijiti kwa ule uliodhoofika. Mimi humtoa hata mrembo kuliko wote akishindwa kurudi vizuri. Miche isiyofaa wape majirani bila jina lolote, au iende kwenye mboji. Tangu uchavushe mara ya kwanza hadi ukione kizazi cha pili kikichanua ni kama miaka minne.

Ukishaupata ule mmoja, mbegu zake hazitatoa nakala yake. Uongeze kwa kuugawa. Maua yakiisha, ung'oe wote, osha udongo, tenganisha vichwa kwa mikono, kila kimoja na mizizi yake, na upande upya siku hiyo hiyo. Wape watu wawili watatu wenye udongo tofauti na wako wakujaribie. Kama unafikiria kuuombea haki za mzalishaji, yaani haki ya kisheria ya aliyezalisha aina mpya, usianze kuuza ovyo: Uingereza aina iliyokwisha kuuzwa nchini kwa zaidi ya mwaka mmoja haihesabiwi tena kuwa mpya. Kenya ni mwanachama wa UPOV, shirika la kimataifa la haki hizi, tangu 1999, na Tanzania tangu 2015, kwa hiyo msamiati na utaratibu mtaukuta huko pia.

Jina ni la mwisho. Tangu mwaka 1959 jina jipya la aina haliruhusiwi kuwa la Kilatini. La Kiswahili linaruhusiwa kabisa. Kagua kwanza kama halijatumika kwa primula nyingine, kisha uliandike kwa herufi kubwa mwanzoni, ndani ya alama moja moja za nukuu, baada ya neno Primula.