Doa Jeusi Angani: Kamera ya Kwanza na Vumbi la Sensa

REHEMA: Karibuni tena. Mimi Rehema, na kaka Salum huyu hapa, kaja na kipulizio cha mpira mfukoni utadhani fundi saa.

SALUM: Hiki sikiachi nyumbani, dada. Nicheke tu.

REHEMA: Msikilizaji wetu wa Dodoma kanunua DSLR yake ya kwanza, kamera ya kubadilisha lenzi, Nikon D3200 ya mtumba. Kapiga mawingu, kakuta madoa matatu meusi, kila picha palepale. Anauliza, kapigwa?

SALUM: Hajapigwa. Hilo ni vumbi, na Dodoma vumbi ni jirani. Tena kanunua vizuri. D3200 ni ya 2012, megapikseli 24, na ukiiwasha inatikisa kile kichujio kilicho mbele ya sensa, yaani kile kibamba cha ndani kinachonasa picha, ili vumbi lidondoke. Sasa cha ajabu, D3400 ya 2016 na D3500 ya 2018, wadogo zake hao, mtikiso huo hazina. Tundu la maiki pia limeondolewa.

REHEMA: He! Na watu wanakimbilia mpya. Anayetaka video za send-off je?

SALUM: Atafute D3300 ya 2014, ina vyote viwili. Chenji inayobaki aongezee lenzi ya 35mm f/1.8. Ila ahakikishe imeandikwa AF-S, yaani ina mota yake ndani. Bodi hizi zenyewe hazina mota ya fokasi. Ukifunga lenzi ya zamani ya AF-D, utazungusha kwa mkono mpaka bibi harusi keshakaa.

REHEMA: Canon?

SALUM: Huko mota iko ndani ya lenzi, shida hiyo huna. Ila 4000D pale lenzi inapofungwa ni plastiki. Nimeishika, sikuipenda.

REHEMA: Haya, vumbi mtu atalijuaje akiwa bado dukani?

SALUM: Kabla hujatoa hela, weka f/22, yaani tundu la lenzi liwe dogo sana, ISO 100, ule wepesi wa kuona mwanga uwe chini, fokasi ya mkono ivuruge kabisa. Piga ukuta mweupe huku unatikisa kamera taratibu. Uchafu wa ukuta utafutika kwa mtikiso, wa sensa utabaki. Rudi f/4, tundu likiwa pana, vumbi hulioni tena. Ndiyo maana muuzaji mjanja anakuonyesha picha za f/4.

REHEMA: Mimi kuna kidoa nakiona nikichungulia.

SALUM: Hicho kipo huko kwenye kuchungulia, au juu ya kile kioo cha ndani kinachopeleka picha kwenye tundu la kuchungulia. Kwenye picha hakiingii. Achana nacho.

REHEMA: Na la sensa?

SALUM: Betri ijae, maana ikikata kioo kinaanguka mkono ukiwa bado hapo. Kwenye menyu kuna kuinua kioo kwa ajili ya usafi. Geuza kamera itazame chini, puliza, ncha ya kipulizio isiingie ndani. Na doa likiwa juu kwenye picha, vumbi liko chini kwenye sensa. Picha huingia kichwa chini.

REHEMA: Kwa mdomo je?

SALUM: Usinikumbushe! Nilipuliza kwa mdomo siku moja, mate yakakauka humo. Nikapeleka kwa fundi mmoja mjini, akachukua pamba ya masikioni. Nikaondoka na mate pamoja na nyuzi. Kilichoniokoa ni kijiti maalumu cha milimita 16, saizi ya sensa hizi ndogo, na matone mawili ya dawa yake. Pitisha mara moja, geuza upande, rudi mara moja, tupa. Usikitumie tena hata kama unaona bado kisafi.

REHEMA: Ngoja nijaribu yangu sasa hivi, ukuta huu hapa. F/22... Moja, mbili... Salum, saba!

SALUM: Lete. Mbona hili kubwa lina mkia?

REHEMA: Wapi? Aah. Huyo mjusi.

SALUM: Hukutikisa kamera, dada. Piga tena.